Kukakamaa kwa mgonjwa asiye na fahamu si lazima kuwe degedege

MTOTO aliyezimia kwa homa kali huku viungo vimekakamaa husemwa upesi kuwa ana degedege, iwe ni Ruhembe kwenye mashamba ya miwa wilayani Kilosa au penginepo nchini. Kitabibu, hata hivyo, kukakamaa huko kunaweza kuwa dalili ya jambo zito zaidi: ubongo ulioelemewa.

Degedege kwa kawaida hutikisa viungo kwa mpigo unaojirudia, kisha hutulia. Ubongo unapoelemewa viungo havitikisiki, bali hushika mkao mmoja, hasa mgonjwa anapobinywa ukucha au mfupa wa juu ya jicho. Mikono ikikunjamana kuelekea kifuani na miguu ikanyooka, hitilafu iko sehemu za juu za ubongo. Mikono ikinyooka ubavuni, viganja vikageukia nje, hitilafu imeshuka kwenye shina la ubongo, na hali ni mbaya zaidi. Katika kipimo cha fahamu cha Glasgow, mkao wa kwanza hupewa alama 3 na wa pili 2, kati ya 6 za mwitikio wa viungo. Majeruhi waliopigwa kichwani katika ajali za barabara kuu ipitayo Mikumi hupimwa vivyo hivyo.

Kwa watoto chanzo kikubwa ni malaria iliyopanda kichwani. Watafiti wa Kilifi, Kenya, waliieleza mikao hiyo mwaka 2005, wakiihusisha na shinikizo ndani ya fuvu. Lakini sukari ikishuka mno mwilini huleta mkao uleule, nao huweza kutoweka sukari ikirejeshwa. Ndiyo maana hupimwa mapema. Pepopunda nayo hupinda mgongo kama upinde, ila mgonjwa wake huwa na fahamu.

Nyumbani mtoto alazwe ubavu, asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali. Kumfukiza kinyesi cha tembo, dawa ya jadi ya degedege katika baadhi ya maeneo, kunapoteza saa ambazo ubongo hauna.

Utafiti wa Bagamoyo uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kuwa degedege ilitazamwa kama ugonjwa wa kupelekwa kwanza kwa mganga wa jadi. Ipo pia imani ya siku nyingi kwamba mtoto wa namna hiyo akichomwa sindano atakufa. Tiba ya malaria kali inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni atesuneti, nayo hutolewa kwa sindano.