Simu ya Bei Rahisi na Mkataba wa Miaka Miwili

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Natumaini kila mtu amekwisha pata mahali pa kukaa, na redio imewekwa pale ambapo hata walio nyuma wanasikia. Mwalimu wa darasa, tafadhali shika chaki. Leo tuna hesabu nne za kuandika ubaoni, nazo ndizo kiini cha somo letu.

Somo la leo ni historia ya bei ya simu ya mkononi. Labda mmoja wenu atauliza, "Je, historia si habari za wafalme na vita?" Ni kweli, lakini historia ni habari za soko pia. Mtu asiyejua jinsi bei ilivyozaliwa hawezi kujua kama anauziwa au anafungwa.

Nitawaeleza kwa nini nimechagua habari hii. Siku moja nilitembelea darasa la jioni. Baada ya somo, mama mmoja alinijia na simu mkononi na karatasi iliyokunjwa. Akasema, "Bwana Elimu, simu hii nilipewa kwa pesa kidogo, nami nalipa kidogo kidogo kila siku. Nilikwenda kwenye matanga ya kaka yangu, nikakaa siku tano bila kulipa. Sasa simu imejifunga. Karatasi hii nimeisoma yote, kila neno nimelitamka. Lakini sijui inasema nini."

Ndugu zangu, mama yule alijua kusoma. Alilolikosa ni kujua hila ya biashara ile, nayo ni hila ya zamani kuliko simu yake. Tutaifuata tangu ilipoanza kukua, huko Marekani, kisha turudi kwetu.

SIMU ILIPOKUWA GHALI

Tarehe 13 Oktoba 1983, katika mji wa Chicago, kampuni ya Ameritech ilifungua mtandao wa kwanza wa biashara wa simu za mkononi katika Marekani. Simu iliyouzwa wakati ule ilitengenezwa na Motorola, ikaitwa DynaTAC. Uzito wake ulikuwa karibu gramu 800, kama matofali madogo. Ukizungumza nusu saa, betri imekwisha, na kuijaza tena kulichukua kama saa kumi. Bei yake ilikuwa dola 3,995.

Ni nani angenunua kitu kama hicho? Wakubwa wa biashara, mawakili, na watu wachache wenye mali. Hapo makampuni ya simu yakaona taabu. Yalikuwa yametumia fedha nyingi kujenga minara, na mnara hula gharama ileile uwe na wateja kumi au elfu kumi. Yakafikiri, yakagundua jambo moja: faida yao haikuwa katika kuuza simu. Faida ilikuwa katika ankara, yaani ile hati ya malipo ambayo mteja huletewa kila mwezi.

Fikirini mtu mwenye mashine ya kusaga. Anakuja kwako na kusema, "Chukua debe hili jipya karibu na bure. Sharti ni moja tu: miaka miwili mahindi yako yote uyasage kwangu." Debe amekupa kwa hasara, lakini hasara hiyo atairudisha katika kila kilo ya unga. Hivyo ndivyo makampuni yalivyofanya. Yalimlipa mwenye duka ujira kwa kila mteja aliyemleta, na mwenye duka akapunguza bei ya simu. Fedha hiyo ya kupunguzia bei tunaiita ruzuku. Mwaka 1992 halmashauri ya serikali ya Marekani inayosimamia mawasiliano, FCC, iliruhusu makampuni kuuza simu na huduma pamoja katika fungu moja, mradi huduma iweze pia kununuliwa peke yake.

KAMBA YA MKATABA

Lakini mwenye mashine ana wasiwasi. Je, ukichukua debe lake kisha ukasage kwa jirani? Lazima akufunge kamba. Kamba hiyo ni mkataba, na kwa Marekani muda uliozoeleka ulikuwa miaka miwili. Aliyeondoka kabla ya muda alitozwa faini. Kwa miaka mingi faini hiyo ilikuwa kama dola 175 au 200, na mara nyingi ilikuwa ileile hata kama mtu ameondoka mwezi mmoja kabla ya mwisho. Watu walinung'unika, na makampuni yakaanza kuipunguza kadiri miezi inavyopita.

Mwalimu, andika hesabu ya kwanza. Mwezi wa Novemba 2009 kampuni ya Verizon ilipandisha faini ya simu za kisasa ikawa dola 350, ikipungua dola 10 kila mwezi. Mteja amekaa miezi 23. Amebakiza mmoja tu. 10 mara 23 ni 230. 350 toa 230 ni 120. Basi mtu aliyekwisha timiza karibu miaka miwili bado alidaiwa dola 120 ili aondoke. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni 2010, kampuni ya AT&T nayo ilipandisha faini yake ikafika dola 325.

PUNGUZO LILILOZIDI BEI

Sasa tufike kwenye simu iliyopata sifa dunia nzima. Simu ya kwanza ya iPhone ilianza kuuzwa Marekani tarehe 29 Juni 2007, kwa dola 499 ile ndogo na 599 ile kubwa, pamoja na mkataba wa miaka miwili na AT&T. Mwezi wa Septemba ile kubwa ilishushwa ikawa 399. Mwezi wa Julai 2008 ikaja nyingine, iPhone 3G, kwa dola 199 tu. Watu walijipanga foleni wakifurahi.

Lakini tutazame ankara. Malipo ya intaneti kwa simu ya kwanza yalikuwa dola 20 kwa mwezi. Kwa simu mpya yakawa dola 30. Mwalimu, andika hesabu ya pili. Bei ya dukani: 399 toa 199 ni 200, hiyo ndiyo nafuu. Ankara: dola 10 zaidi kila mwezi, mara miezi 24, ni 240, huo ndio mzigo. Nafuu ni 200, mzigo ni 240. Ni kweli kwamba simu mpya ilikuwa na intaneti ya kasi zaidi, na mtu anaweza kukubali kuilipia. Lakini aliyedhani ameokoa dola 200 alikuwa amelipa 40 juu yake. Bei ya dukani ilitangazwa kwa herufi kubwa. Ya mwezi kwa mwezi ilimngoja nyumbani.

NANI APEWE PUNGUZO, NA LINI?

Swali hili lilileta ugomvi. Kampuni ikishakupa ruzuku, inataka miezi mingi kuirudisha. Kwa hiyo ziliwekwa kanuni za kubadili simu: mteja mgeni apate punguzo mara moja, mteja wa zamani angoje zamu yake.

Mwezi wa Juni 2009 ilitoka iPhone 3GS. Mteja mgeni aliipata kwa dola 199. Yule aliyenunua mwaka uliopita, na zamu yake haijafika, aliambiwa simu hiyohiyo ni dola 399. Watu wakapaza sauti: "Sisi tuliowalipa kila mwezi bila kukosa ndio tunaotozwa zaidi?" Tarehe 17 Juni, siku mbili kabla ya simu kuanza kuuzwa, AT&T ililegeza kanuni. Wateja ambao zamu yao ingefika Julai, Agosti au Septemba walipewa punguzo lote. Kelele za wengi zilisikika.

Hata hivyo kanuni zilizidi kukazwa baadaye. Mwaka 2011 Verizon iliacha mpango wake wa kumpa mteja punguzo jipya kila baada ya miaka miwili. Mwaka 2012 ikaanza kutoza dola 30 kwa kila anayebadili simu kwa bei ya punguzo. Mwaka 2013 Verizon na AT&T zilisogeza zamu ya kubadili simu kutoka miezi 20 hadi 24.

Lakini dhuluma kubwa haikuwa hapo. Mfikirini mtu mwangalifu, anayetunza simu yake, haibadilishi baada ya miaka miwili. Ruzuku amekwisha irudisha. Je, ankara yake ilishuka? Haikushuka. Alilipa kama mwanzo, kwa simu ambayo ilikuwa yake tayari. Aliyetunza chake alizidi kulipa, na aliyebadili kila mara akapata simu mpya.

MABADILIKO YA 2013

Tarehe 26 Machi 2013 kampuni ya T-Mobile, chini ya mkuu wake John Legere, ilitangaza kwamba inaacha mikataba ya miaka miwili. Ilitenganisha mambo mawili: huduma ilipiwe mbali, na simu ilipiwe mbali kwa awamu, bila riba.

Mwalimu, hesabu ya tatu. Simu ya iPhone 5 ililipiwa dola 99.99 mwanzoni, kisha dola 20 kila mwezi kwa miezi 24. 20 mara 24 ni 480. Ukijumlisha na ile ya mwanzo ni dola 579.99. Ile bei kamili sasa ilionekana, na deni likiisha, zile dola 20 nazo zinaisha.

Hata hivyo, kabla mwezi mmoja haujapita, mwanasheria mkuu wa jimbo la Washington alisema matangazo ya T-Mobile yanapotosha. Kampuni ilinadi, "Hakuna mkataba." Lakini mteja aliyeondoka mapema alitakiwa kulipa deni lote la simu lililobaki, kwa mara moja. Kampuni ilikubali kusahihisha matangazo yake na kuwaruhusu wateja waliohusika kurudisha simu zao. Kamba ilikuwa imebadilishwa jina, nayo bado ilifunga.

Makampuni mengine yalifuata. Mwaka huohuo wa 2013 AT&T na Verizon zilileta mipango ya kulipa kwa awamu. Agosti 2015 Verizon iliacha mikataba ya miaka miwili kwa wateja wapya, na Januari 2016 AT&T ikafanya hivyo. Kisha punguzo likarudi kwa mlango mwingine. Mteja huahidiwa punguzo kubwa, lakini hapewi kwa siku moja. Hukatwa kidogo kidogo katika ankara ya kila mwezi. Akiondoka, sehemu iliyobaki anaipoteza. Kufikia 2022 AT&T na Verizon zilikuwa zimerefusha muda huo hadi miezi 36. Kamba ya miaka miwili sasa ni ya mitatu.

Serikali nyingine ziliingia kati. Huko Kanada, kanuni za mwaka 2013 zilikataza kumtoza mteja faini ya kuondoka baada ya miaka miwili. Uingereza, tangu 2020, kampuni inalazimika kumwarifu mteja kabla ya muda wa mkataba wake kwisha, ili asizidi kulipa bila kujua.

NA KWETU JE?

Afrika Mashariki ilipita njia nyingine. Watu wengi hawakuwa na mshahara wa mwezi wala anwani ya kupelekewa ankara. Basi tulinunua simu kwa fedha taslimu, dukani au kwa mtu, tukaweka vocha kadiri ya uwezo. Hakuna ruzuku, hakuna kamba.

Mwaka 2007 M-Pesa ilianza Kenya, na malipo madogo sana yakawezekana kwa simu. Hapo mlango wa mkopo ukafunguka. Julai 2020 kampuni ya Safaricom, pamoja na Google, ilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambapo mteja aliweza kulipia simu kwa shilingi 20 za Kenya kwa siku. Asipolipa, simu hujifunga. Tazameni tofauti. Marekani dhamana ilikuwa jina la mteja na sifa yake ya kulipa madeni. Kwetu dhamana ni simu yenyewe, nayo inakaa mfukoni mwa mdaiwa.

Mpango wa namna hii si mbaya kwa wenyewe. Umewafikisha wengi kwenye simu ambazo wasingeweza kuzinunua kwa siku moja. Ubaya ni kuingia bila kupiga hesabu.

Turudi kwa yule mama. Tuliketi pamoja, tukaifunua karatasi yake. Hesabu ya nne aliifanya mwenyewe, kwa kalamu yake: malipo ya kila siku, mara idadi ya siku, jumlisha malipo ya kwanza. Alipopata jumla alinyamaza. Kisha akauliza bei ya simu ile dukani kwa fedha taslimu, akatoa moja katika nyingine. Akasema, "Kumbe hii ndiyo bei ya kungoja." Alilipa siku zake tano, simu ikafunguka. Sasa, kila siku anapolipa, huandika katika daftari idadi ya siku zilizobaki.

MANENO YA KUKUMBUKA

Ruzuku: fedha anayotoa mwingine ili bei ipungue. Ankara: hati ya malipo yanayodaiwa. Awamu: sehemu moja ya malipo yaliyogawanywa. Dhamana: kitu kinachoshikwa mpaka deni lilipwe.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Kwa nini kampuni ya simu ilikubali kuuza simu kwa hasara?
2. Mtu aliyetunza simu yake alidhulumiwa vipi?
3. Kabla ya kutia sahihi tuulize mambo matatu: jumla ni kiasi gani, muda ni miaka au siku ngapi, na nikichelewa au nikiondoka itakuwaje. Kila mwanafunzi atafute karatasi moja ya mkopo nyumbani, ayatafute majibu hayo ndani yake, na ailete darasani wiki ijayo.

Mwalimu, usifute ubao mpaka wote wamekwisha nakili. Kwa leo ni hayo. Kwaherini, na jioni njema.