Kabla Uuze Hiyo Bodi kwa Kilo, Igeuze Kwanza

Mwaka jana nilinunua prosesa ya shilingi 500 pale Luthuli Avenue, kwa fundi mmoja anayefungua kompyuta za mitumba na kuuza spea. Nilikuwa nimeenda kutafuta feni tu. Kwa karai lake la chipu kuukuu nikaona moja ina maandishi tofauti: INTEL CONFIDENTIAL. Siri ya kampuni kubwa hivyo, imelala kati ya skrubu na kebo za chaja.

"Fundi, hii ilitoka wapi?"

"Ilikuja ndani ya seva, kijana yangu. Chukua tu, hiyo haina mwenyewe."

Nilifika nyumbani nikaanza kusoma. Kucheki saa, ni saa tisa usiku.

Iko hivi. Kabla Intel iuze prosesa mpya, huwa inatengeneza sampuli za majaribio miezi mingi mapema na kuwapa wanaounda mazabodi na kompyuta, ndio bidhaa zao ziwe tayari siku ya uzinduzi. Sampuli hizo si za kuuzwa. Zinabaki mali ya Intel, wengine wameazimwa tu. Chipu ya dukani ina namba inayoanza na S, kama SL ama SR. Sampuli mara nyingi inaanza na Q, na unaweza kupata imeandikwa ES ama hilo neno la siri nililoliona. Kazi ikiisha inafaa irudi kwa mwenyewe. Lakini dunia ni kubwa, na vitu hupotelea njiani.

Yangu si ya maana sana. Ni Xeon ya seva, na toleo lake la kawaida limejaa kila mahali. Hakuna mtu atanipa shamba juu yake. Lakini kuna watu Ulaya, Marekani na Asia wanaokusanya sampuli za chipu ambazo hazikuwahi kuuzwa hata moja. Hizo ndizo zilininyima usingizi, kwa sababu historia ya kompyuta tunayofunzwa ni ya washindi pekee. Ya kwanza ilitoka mwaka fulani, ikafuatwa na nyingine yenye kasi zaidi, halafu nyingine, mpaka ukafika hapa na simu yako mkononi. Kama ngazi, hakuna aliyeteleza.

Wacha nikuambie, waliteleza sana.

Anza na ile ya kwanza kabisa ya Intel, 4004, iliyotangazwa Novemba 1971. Ilikuwa na transista kama 2,300 na ilibuniwa kwa ajili ya kikokotoo cha kampuni ya Japani inayoitwa Busicom. Mhandisi aliyeiongoza hadi ikawa chipu ni Federico Faggin, Mwitaliano. Desemba 1970 silikoni za kwanza zilifika mezani kwake. Akazijaribu moja baada ya nyingine. Zote zimekufa. Alipochunguza kwa darubini akakuta kiwandani walikuwa wamesahau tabaka moja zima. Ikabidi angoje hadi Januari 1971, ndipo nyingine zikaja na zikafanya kazi. Baadaye alitia herufi zake, F.F., kwenye ukingo wa chipu. Hiyo Desemba huwezi kuiona kwa tangazo lolote la kibiashara.

Sasa ninayoipenda zaidi inaitwa Timna. Mwishoni mwa miaka ya 1990, timu ya Intel iliyoko Haifa, Israel, ilipewa kazi ya kubuni prosesa ya kompyuta za bei ya chini, zile za chini ya dola 600. Wazo lao lilikuwa tamu: badala ya kutawanya kazi kwa chipu kadhaa kwenye mazabodi, weka prosesa, grafiki na kidhibiti cha memori kwenye kipande kimoja cha silikoni. Vipuri vikipungua, bei inashuka. Ni kama kuuziwa bedsita yenye jikoni na bafu ndani, badala ya kila kitu kuwa nje kwa ploti.

Kosa lilikuwa moja. Walibuni Timna itumie memori ya Rambus, wakiamini bei yake itashuka. Bei ikakataa kushuka. Utawekaje memori ghali kwa kompyuta ya watu wa kipato kidogo? Intel ikaamua kuweka chipu ya katikati, kama mkalimani, ili Timna iweze kuongea na memori ya kawaida. Huyo mkalimani naye akawa na kasoro. Mei 2000 Intel ililazimika kuita mazabodi nyingine zilizokuwa tayari zimeuzwa na chipu hiyo hiyo. Timna ikasogezwa mbele, na Septemba 2000 ikafutwa kabisa. Haikufika dukani hata siku moja.

Zilizobaki ni sampuli. Na hapa ndipo mkusanyaji anateseka, kwa sababu ukiwa na chipu bado huna kitu. Ukiiangalia haraka utadhani ni Celeron ya wakati huo, lakini haikubali bodi za Celeron. Inataka mazabodi yake yenyewe, nayo pia ni ya majaribio. Ndiyo maana wakusanyaji wa kweli hawatupi bodi. Chipu bila bodi yake ni picha ya marehemu. Chipu na bodi pamoja, unaweza kuiwasha na kumsikia akiongea.

Ile timu ya Haifa je? Wengine wangeenda nyumbani. Wao wakapewa kazi nyingine, prosesa ya laptop, ikatoka Machi 2003 kwa jina Pentium M. Wakati huo makao makuu Marekani walikuwa wanakimbizana na gigahatsi kwa Pentium 4. Kila mwaka namba inapanda, kila mwaka joto linapanda. Pentium M ilikuwa na gigahatsi chache, lakini kazi ilifanya na betri ilidumu.

Mei 2004 Intel ikafuta Tejas, iliyokuwa irithi kiti cha Pentium 4. Joto lilikuwa limewashinda. Oktoba mwaka huo ikafuta pia Pentium 4 ya gigahatsi 4, na bosi wa kampuni, Craig Barrett, akapiga goti jukwaani mbele ya watu kuomba radhi. Mkurugenzi wa Intel, goti chini! Njia iliyowaokoa ilikuwa ile ya Haifa. Julai 2006 ikaja Core 2 Duo, iliyojengwa juu ya kazi ya watu wale wale ambao mradi wao wa bei rahisi ulikuwa umezikwa miaka sita kabla.

Na lile wazo la bedsita halikufa. AMD waliweka kidhibiti cha memori ndani ya prosesa mwaka wa 2003, Intel wakafuata 2008. Januari 2011 ikatoka Sandy Bridge, tena kutoka Haifa, ikiwa na grafiki na kidhibiti cha memori kwenye silikoni moja na prosesa. Hiyo laptop ya i5 uliyonunua mitumba ndio uedit video, imepangwa vile Timna ilitaka kupangwa mwaka wa 2000.

Sasa niambie, ukitoa Timna kwa hiyo hadithi, utaielewaje? Utabaki na ngazi, na utadhani waliopanda walijua wanakoenda.

Nitasema ukweli kwa nini hii kitu imenishika. Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilitushinda, halafu hata ningeipata sijui kama ningerudi. Mathe bado huambia watu kanisani niko likizo ndefu. Siwezi kukudanganya ati kila aliyeacha chuo ni Pentium M inayosubiri siku yake. Tejas ilifutwa na ikaishia hapo. Lakini nimechoka na historia ambayo ikifika kwa kitu kilichokatizwa inaruka ukurasa, kama vile hakuna mtu alikuwa pale akifanya kazi.

Mwaka wa 2022 kulikuwa na mnada Marekani wa bodi ya majaribio ya Apple-1, ile Steve Wozniak aliunganisha kwa mkono wake. Bodi yenyewe imevunjika, kipande kimoja hakipo kabisa. Ilikuwa imekaa miaka mingi bila watu kujua bado iko. Waliitambuaje? Mwenye duka la kompyuta aliyeagiza zile Apple-1 za kwanza, Paul Terrell, alikuwa ameipiga picha mwaka wa 1976. Wataalamu wakalinganisha zile picha na bodi, alama kwa alama, risasi ya kuchomelea kwa risasi ya kuchomelea. Iliuzwa dola 677,196. Mimi pesa hazinisumbui kama zile picha. Mtu mmoja alipiga picha ya kitu ambacho wakati huo kilikuwa takataka ya mezani, na miaka 46 baadaye picha ndiyo ikawa shahidi.

Nilirudi kwa yule fundi wiki mbili baada ya ile 500. Mara ya kwanza nilikuwa nimeona gunia nyuma ya kibanda, na juu yake kulikuwa na mazabodi moja ya ajabu: nyaya nyembamba zimechomelewa kwa mkono upande wa nyuma, pini za ziada zisizo na kazi kwa mteja wa kawaida, na stika imeandikwa kwa kalamu. Wakati huo sikuelewa. Sasa nilielewa. Hivyo ndivyo bodi ya majaribio hukaa.

"Fundi, lile gunia liko wapi?"

"Hilo? Watu wa skrapu walibeba Jumatatu. Kwa kilo."

Simlaumu. Ana watoto, na dhahabu iliyo kwenye pini ina bei inayojulikana leo, historia haina. Chipu za kauri za zamani kama Pentium Pro ya 1995 zinasakwa hasa kwa sababu ya hiyo dhahabu. Zinaenda kuyeyushwa ama kuchovywa kwa asidi, na hakuna anayesoma namba kwanza. Ile bodi ilikuwa nini, ya kampuni gani, ya mwaka gani, hakuna mtu atawahi kujua. Sikupiga hata picha moja, na nilikuwa nimeshika simu mkononi.

Kompyuta za dunia nzima zinakuja kumalizia maisha yao hapa kwetu. Hiyo tumezoea kuiona kama aibu, na mara nyingi ni aibu kweli. Lakini inamaanisha pia vitu vingine ambavyo watu wa Haifa na California walidhani vimepotea, vinaweza kuwa Ngara saa hii, ndani ya gunia.

Kwa hivyo naomba kitu kimoja tu, haikugharimu shilingi. Kabla uuze bodi kwa kilo, igeuze. Angalia kama kuna nyaya za mkono. Soma chipu: namba inaanza na S ama na Q? Piga picha mbele, nyuma na kila stika. Halafu uza, kula, lipa rent.

Yule fundi siku hizi akiona maandishi ya ajabu ananipigia. Juzi alinipigia saa moja asubuhi. Ilikuwa ni kadi ya sauti ya kawaida tu. Nilienda hata hivyo.