Lichi za Zengcheng na Majina Makuu: Chimbuko la Alama za Xintang na Jirani Zake

Mji wa Xintang, ulio kwenye ukingo wa kaskazini wa mto Dongjiang katika wilaya ya Zengcheng, mashariki mwa jiji la Guangzhou, unafahamika kwa wafanyabiashara wa nguo kutokana na viwanda vya jinzi vilivyoenea tangu miaka ya 1980. Hata hivyo, alama za kale za wilaya hiyo ni lichi, tunda la jamii moja na shokishoki la Zanzibar, na He Xiangu, mwanamke pekee ambaye jinsia yake haitiliwi shaka katika kundi la Wanane Wasiokufa, yaani watu ambao wafuasi wa Tao husimulia kuwa walikishinda kifo.

Kwa mapokeo ya Zengcheng, He Xiangu alizaliwa huko wakati wa Wu Zetian, aliyetawala China kuanzia 690 hadi 705, naye alipata uhai usio na mwisho kwa kula unga wa ulanga, ingawa mapokeo mengine yanadai kuwa alitoka Hunan. Wachoraji humshikisha yungiyungi, ua ambalo Wabuddha walilifanya ishara ya usafi kwa sababu huchipuka matopeni bila kuchafuka, na hivyo picha yake inaunganisha imani mbili. Vilevile lichi aina ya Gualü, ambayo ganda lake jekundu lina mstari wa kijani, husemekana kupata mstari huo kutokana na uzi aliouacha tawini. Lakini mti mama wa Gualü, unaotunzwa Licheng katika wilaya hiyo hiyo, hukadiriwa kuwa na umri wa miaka 400 na zaidi, kwa hiyo kati yake na zama za He Xiangu kuna pengo la karne kadhaa.

Xintang yenyewe ina kisa kinachofanana na hicho. Mwanafalsafa Zhan Ruoshui (1466–1560), mzaliwa wa eneo hilo aliyepanda cheo hadi kuwa waziri huko Nanjing, husimuliwa kuwa alirudi kutoka Fujian akiwa ameficha kokwa za lichi kifuani, na ndiyo maana aina mojawapo huitwa Shangshuhuai, yaani kifua cha waziri. Fujian ilikuwa na sifa ya lichi tangu zamani, kwani Cai Xiang aliandika kitabu kizima juu ya lichi za huko mwaka 1059. Hata hivyo, mche wa lichi unaoota kutokana na kokwa haurithi kwa uhakika sifa za mti uliouzaa, na ndiyo sababu wakulima hubambua gome la tawi, wakalifunga kwa udongo hadi litoe mizizi, kisha wakalikata na kulipanda. Kisa hicho, basi, kinaeleza heshima ya waziri kuliko utaratibu wa kilimo.

Desturi ya kuzipa alama wazazi wenye majina makuu inaonekana pia Ireland. Jani lenye sehemu tatu liitwalo shamroki husemekana kutumiwa na Mtakatifu Patrick, mhubiri wa karne ya 5, kufundisha Utatu, ilhali maandishi yake mwenyewe hayalitaji, na maelezo hayo yaliandikwa na Caleb Threlkeld mwaka 1726. Kinubi kilichohifadhiwa Trinity College, Dublin, ambacho ndicho kielelezo cha nembo ya taifa, huitwa cha Brian Boru, mfalme aliyefariki 1014, ingawa kilitengenezwa karne tatu au zaidi baadaye.

Visa vya namna hii havifai kutupwa kwa kuwa tarehe zake hazilingani, kwani vinaonyesha jinsi jamii inavyokipa kitu inachokithamini ukoo wa kukistahili. Ukoo huo una thamani hata sokoni: mwaka 2002, tunda moja tu la mti mama wa Gualü liliuzwa mnadani kwa yuani 555,000, bei ambayo utamu peke yake usingeweza kuieleza.