Kutoka Ujinga Hadi Uzuri: Safari ya Neno Moja

Msemaji wa Kiingereza husifu kwa neno "nice" karibu kila kimpendezacho: chakula, hali ya hewa, nguo, hata jirani mwema. Lakini sifa hii ilizaliwa ikiwa tusi.

Asili yake ni Kilatini, "nescius", yaani asiyejua. Kifaransa cha kale kililirithi kwa maana ya mpumbavu. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, lugha yao ikawa lugha ya watawala, na kufikia mwaka 1300 hivi neno hilo lilikwishaingia katika Kiingereza pamoja na upumbavu wake. Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alilitumia hivyo.

Baadaye maana iligeuka hatua kwa hatua. Mpumbavu akawa mtu wa madaha. Mwenye madaha akawa mchaguzi. Mchaguzi akawa makini, mwenye kupambanua mambo madogo. Katika karne ya 16 na ya 17 maana hizo zilichanganyika hata aghalabu ni vigumu kujua mwandishi alikusudia ipi. Maana ya kupendeza ilienea katika karne ya 18.

Haikupokewa bila ya ubishi. Katika riwaya ya Jane Austen, Northanger Abbey, iliyotoka Desemba 1817, Henry Tilney anamkejeli msichana anayekiita kitabu kwa sifa hiyo: uzuri huo, asema, wategemea jalada lake. Kwake yeye, huenda hapo awali neno lilihusu unadhifu na ustaarabu tu. Kumbe naye alitetea kituo cha katikati ya safari. Mwanzoni kulikuwa na ujinga mtupu.

Nasi tuna la kujifunza. Chai hupoa, hasira hupoa. Leo kijana akiulizwa hali hujibu "poa", na wazee hununa. Atakaye kulirudisha neno kwenye asili yake na aulizwe kwanza: asili ipi?

Hata hivyo, mabadiliko yasiyoandikwa ni hasara. Asomaye maandishi ya Chaucer kwa maana ya leo atadhani mtu anasifiwa, ilhali anabezwa. Tenzi zetu kongwe nazo zimo katika hatari hiyohiyo. Kamusi zetu, basi, zisitosheke na maana ya sasa. Zinakili na zile za kale, kabla wazee wazijuao hawajatutoka.