Sare Iliyovunjwa: Uhakiki wa Pambano la Rikidozan na Kimura, 1954

Mieleka ya kulipwa ni utendaji ambao wahakiki wa fasihi wameuepuka, aghalabu kwa hoja kwamba mwisho wake hupangwa kabla watendaji hawajapanda ulingoni. Hoja hiyo ni dhaifu. Mwisho wa tanzia nao hujulikana na waigizaji kabla ya pazia kufunguliwa, wala hakuna aiitaye tanzia ulaghai kwa sababu hiyo. Suala la kimsingi zaidi ni hili: utendaji huwa kitu gani pale ambapo mtendaji mmoja anauvunja mpango mbele ya hadhira isiyojua kwamba mpango ulikuwepo? Pambano la Rikidozan na Masahiko Kimura, lililofanyika katika ukumbi wa Kuramae Kokugikan, Tokyo, tarehe 22 Desemba 1954, linalikabili suala hilo waziwazi kuliko mapambano mengi ya aina yake.

Muktadha wa kihistoria haubanduki na pambano lenyewe. Japani ilijitoa katika utawala wa majeshi ya kigeni Aprili 1952. Matangazo ya televisheni yalianza mwaka uliofuata, shirika la NHK likitangulia mwezi Februari na kituo cha NTV kikifuata Agosti. Kwa kuwa raia wengi hawakumudu kununua chombo hicho, NTV iliweka televisheni mahali pa hadhara, na umati ukawa unakusanyika barabarani kutazama. Tarehe 19 Februari 1954 umati huo ulionyeshwa Rikidozan na Kimura, wakiwa upande mmoja, wakipambana na ndugu wawili Wazungu kutoka Kanada, Ben na Mike Sharpe. Msuko wa utendaji ulikuwa mwepesi kueleweka: mgeni mwenye umbo kubwa anakiuka kanuni, Mjapani anavumilia mpaka uvumilivu unamwishia, kisha anainuka na kumwangusha mgeni kwa mapigo ya ubapa wa kiganja. Kwa taifa lililoshindwa vitani miaka tisa nyuma, ishara hizo hazikuhitaji mkalimani.

Hata hivyo, katika msuko huo nafasi hazikugawanywa sawa. Rikidozan ndiye aliyekuwa mwokozi. Kimura alikuwa yule anayepigwa ili mwokozi apate sababu ya kuingia. Ugawaji huo ulipingana na historia ya wahusika wenyewe. Kimura alikuwa bingwa wa judo wa Japani yote mwaka 1937, 1938 na 1939, na Oktoba 1951, katika uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro, alimshinda Hélio Gracie wa Brazili kwa kumkunja mkono. Rikidozan alikuwa mwanasumo aliyefikia cheo cha sekiwake, ngazi ya tatu kutoka juu, kabla ya kuuacha mchezo huo mwaka 1950. Haishangazi basi kwamba mwezi Novemba 1954 gazeti la Asahi lilichapisha madai ya Kimura kwamba mieleka ya mwenzake ni maonyesho tu, na kwamba katika pambano la kweli yeye hangeshindwa. Mhusika msaidizi alikuwa ametoka nje ya matini na kuikosoa hadharani.

Kwa mujibu wa maelezo ya Kimura, pambano lililozaliwa na changamoto hiyo lilikubaliwa liwe la sare, kisha yafuate mengine ambamo ushindi ungepokezanwa. Rikidozan naye hakukana kwamba sare ilizungumzwa. Alilolisisitiza ni kwamba wazo hilo lilitoka upande wa Kimura. Dakika za mwanzo zinaafikiana na mpango: washindani wanashikana, wanatupana, wanaachiana. Kisha Rikidozan anabadilika. Anadai kwamba mguu wa Kimura umemfikia sehemu za siri, na anaanza kumpiga kwa nguvu halisi, kichwani na shingoni, hadi Kimura anaanguka kifudifudi akivuja damu. Baada ya dakika kumi na tano na ushei pambano likasimamishwa, na Rikidozan akatangazwa bingwa wa uzani mzito wa Japani.

Fasihi ya Kiswahili ina istilahi mbili zinazoweza kuangaza tukio hili. Katika ngonjera, wabishani hupingana kwa makubaliano, na ubishi wao unaelekea kwenye hitimisho wanalolijua wote wawili. Katika malumbano, kila mshairi hutafuta kumwelemea mwenziwe kwa dhati, wala hajui jibu litakalomrudia. Kimura alipanda ulingoni kwa ngonjera. Katikati ya utendaji mwenzake akaigeuza kuwa malumbano bila kumwarifu. Hivyo basi, ushindi wa Rikidozan hauthibitishi kwamba alikuwa hodari zaidi. Unathibitisha tu kwamba mmoja alikuwa vitani huku mwingine akiwa bado mazoeani. Anayelitumia pambano hili kupima ubora wa judo dhidi ya mieleka anapima kitu ambacho hakikuwekwa mizanini.

Ni hapa ambapo nadharia ya Roland Barthes, katika makala yake kuhusu mieleka iliyomo ndani ya kitabu Mythologies cha 1957, inapopata mtihani. Barthes anashikilia kwamba mieleka si michezo bali ni tamasha, na kwamba hadhira haijali iwapo shindano ni la kweli. Inachokitaka ni ishara iliyo bayana ya mateso, ya kushindwa na ya haki. Mtazamo huo unafafanua vyema mapambano ya Februari 1954. Lakini unapofikishwa Desemba, unakwama. Damu ya Kimura ilisomwa na hadhira kama ishara, ilhali haikuwa ishara bali jeraha. Ishara inahitaji mtu aliyekubali kuitoa. Mpigwaji wa mieleka anaukabidhi mwili wake kwa mpigaji kwa kuamini kwamba utarudishwa mzima, na amana hiyo ndiyo msingi wa sanaa nzima. Nadharia inayomtazama mtazamaji peke yake haiwezi kuliona kosa lililotendeka ulingoni, kwa sababu kwa mtazamaji hakuna kilichoharibika.

Pamoja na hayo, uhakiki wa haki hauwezi kumfanya Rikidozan kuwa jahili mtupu. Alizaliwa Korea, wakati nchi hiyo ikiwa koloni la Japani, na jina lake lilikuwa Kim Sin-rak. Wasifu uliotolewa kwa umma ulimtaja kuwa mzaliwa wa Omura, Nagasaki, na asili yake ilifichwa kwa mashabiki wengi hadi alipofariki. Shujaa wa Ujapani alikuwa mtu ambaye Ujapani wenyewe kwake ulikuwa uigizaji usio na mapumziko. Kwa mtu wa aina hiyo, kushiriki taji na bingwa wa judo, mchezo uliobeba fahari ya taifa, yamkini kulikuwa na hatari kubwa kuliko sare ya kawaida. Hoja hii haimwondolei lawama. Inaonyesha tu kwamba aliyeivunja amana ya mwenzake alikuwa naye amefungwa na matini ambayo hakuiandika peke yake.

Masimulizi ya baadaye yanahitaji tahadhari pia. Rikidozan alichomwa kisu katika klabu ya usiku mjini Tokyo tarehe 8 Desemba 1963, akafa wiki moja baadaye. Kimura aliishi hadi Aprili 1993, na maandishi yake ndiyo yaliyotufikishia sehemu kubwa ya habari za makubaliano. Ni ushahidi wa mtu aliyedhulumiwa, na pia ni ushahidi wa mtu aliyesema wakati mshindani wake hawezi tena kujibu. Mwaka 2011 Masuda Toshinari alichapisha kitabu kikubwa ambacho anwani yake inauliza kwa nini Kimura hakumuua Rikidozan. Swali hilo, kwa ukali wake, bado linamwomba Kimura ajibu pigo kwa pigo, yaani linamhukumu kwa kanuni ya malumbano ambayo hakuikubali. Swali linalomfaa mhakiki limo ndani ya utendaji wenyewe: aliyeshika ahadi na akaanguka, na aliyeivunja na akavikwa taji, ni nani kati yao aliyeshindwa katika sanaa waliyoipandia ulingoni? Kwa kipimo cha sanaa hiyo, Kimura aliutimiza wajibu wake hadi pigo la kwanza la kweli lilipomfikia. Kilichofuata hakikuwa mieleka tena.