Mjerumani Aliyeiombea Serengeti

Ukitoka Musoma kwenda Mwanza utapita Bunda, na mbele yake, mkono wa kushoto, utaliona lango la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Hifadhi ya Serengeti. Kuna siku abiria wa basi humwona nyumbu au pundamilia kupitia dirishani, bila kulipa kiingilio. Wanyama hao miaka zaidi ya 60 iliyopita waliingizwa sebuleni kwa Wajerumani, na aliyewaingiza alijua vizuri namna ya kumgusa mtazamaji hadi atoe fedha.

Bernhard Grzimek alikuwa daktari wa mifugo na mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Kuanzia 1956 alikuwa na kipindi chake cha televisheni. Aliketi mezani, tai shingoni, akizungumza taratibu kama mwalimu mpole, na mnyama hai, pengine duma, akiwa kando yake. Kisha aliomba mchango na kutaja akaunti ya kuupeleka. Hakulia, hakupaza sauti. Mtazamaji alikuwa amekwisha kumwona mnyama mmoja akipumua karibu na binadamu, na huyo mmoja alimgusa kuliko hesabu ya maelfu.

Hesabu nayo ilikuwepo. Grzimek na mwanawe Michael waliruka juu ya Serengeti kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, wakahesabu wanyama zaidi ya 366,000. Tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tai, Michael akafa akiwa na miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Filamu yao, ambayo jina lake lina maana ya "Serengeti isife", ilitoka mwaka huohuo, na 1960 ikapata tuzo ya Oscar. Sidhani kama baba yule alikusudia kuufanyia biashara msiba wake. Lakini ni nani angeitazama kazi ya kijana aliyekwisha kuzikwa, kisha akatoka bila kutoa chochote?

Septemba 1961 Julius Nyerere, mwana wa Butiama, alitoa Ilani ya Arusha (si Azimio la 1967), akiahidi kuwalinda wanyamapori na kuyaomba mataifa mengine wataalamu na fedha. Michango ya Frankfurt ilisaidia kweli, na shirika alilolijenga Grzimek lipo Serengeti hadi leo.

Kinachoniuma ni waliopunguzwa katika picha. Waikoma, Wanata na Waikizu walikuwa wakiwinda nchi ile tangu enzi za mababu. Katika simulizi la hifadhi walibaki kuwa mitego ya waya na majangili. Ng'ombe wa Wamasai nao walihesabiwa kuwa adui wa mbuga.

Kumbe ng'ombe ndiye aliyekuwa ufunguo wa kuongezeka kwa nyumbu. Sotoka, ugonjwa ulioangamiza mifugo ya Afrika Mashariki miaka ya 1890, ulikuwa bado ukiua ndama wa nyumbu kila mwaka. Mifugo iliyozunguka Serengeti ilipochanjwa, ugonjwa ukatoweka kwa nyumbu pia mwanzoni mwa miaka ya 1960, ingawa nyumbu wenyewe hawakudungwa sindano hata moja. Mwaka 1961 walikuwa kama robo milioni. Kufikia 1977 walikuwa milioni 1.3, na wafugaji walioshika ng'ombe wao pembe ili wachanjwe hakuna aliyewaweka mezani mbele ya kamera.