Utambulisho wa Prosesa katika Majedwali ya Mashine, na Ushahidi wa Soko la Kariakoo

Majina ya mahali huhifadhi habari ambazo wakazi wake wamekwisha kuzisahau. Katika Dar es Salaam, magharibi ya uwanja wa Mnazi Mmoja, liko soko la Kariakoo. Na jina hilo latokana na maneno ya Kiingereza Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, waliowekwa kambini hapo na Waingereza baada ya kuutwaa mji mwezi wa Septemba 1916. Nairobi nako kuna Kariokor, kwa asili ile ile. Wapagazi waliondoka, bali jina limebaki, na mtu anayetaka kujua maana yake hana budi kuuliza maswali matatu: nani alilitoa, lini, na kwa kusudi gani.

Maswali hayo yafaa kuulizwa pia juu ya jina jingine litajwalo kila siku katika maduka ya Kariakoo, nalo ni jina la prosesa, yaani chipu ifanyayo hesabu ndani ya kompyuta au simu. Muuzaji hutaja bei kwa kulifuata jina hilo, na mnunuzi hulipa kwa kuliamini. Lakini prosesa haionekani kwa macho mpaka mashine ifunguliwe, na hata ikifunguliwa hufunikwa na chuma cha kupozea joto. Mnunuzi huisoma katika kioo cha mashine. Basi nani aliyeliandika jina lile kiooni, na alilipata wapi? Jibu lina historia yake.

Serikali ya Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, ikawekwa katika Wizara ya Fedha. Katika zama hizo swali la utambulisho halikuwa na uzito. Mashine ilikuwa moja, ukubwa wake ulijaza chumba, na jina lake liliandikwa katika mkataba. Aliyetaka kujua sehemu zake alimwuliza fundi wa kampuni iliyoileta. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini bila kibali, na kwa muda mrefu mashine hizo zikabaki chache. Masharti yalipolegezwa ziliingia kompyuta ndogo, na baadaye nyingi zilizokwisha kutumika ng'ambo. Katika mashine za namna hii kasha huweza kutoka kwa mtengenezaji mmoja, bodi kwa mwingine, na prosesa kwa wa tatu. Tena prosesa huweza kung'olewa na kutiwa nyingine. Mkataba haupo, na karatasi iliyobandikwa nje haifuati mabadiliko ya ndani. Ndipo ikawa lazima mashine yenyewe iulizwe.

Hapo mwanzo mashine haikuweza kujibu. Kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ndogo mwezi wa Agosti 1981, prosesa yake ilikuwa 8088 ya Intel. Ndani ya bodi mlikuwa na famuwea, yaani programu fupi ikaayo katika chipu isiyopoteza maandishi yake umeme uzimwapo, nayo ndiyo ya kwanza kufanya kazi mashine inapowashwa. Walakini prosesa haikuwa na njia ya kutaja jina lake. Waandishi wa programu walilazimika kuitambua kwa tabia, kama msikilizaji anavyotambua kwao msemaji kwa matamshi: asemaye ndia hudhaniwa kuwa mtu wa Mombasa au Lamu, na asemaye njia kuwa mtu wa Unguja. Prosesa ya 8086 huchota mbele baiti sita za maagizo, na 8088 huchota nne. Mtu aliyebadilisha agizo lililo mbele kidogo, kisha akatazama kama prosesa imetii agizo jipya au la zamani, aliweza kujua ni ipi kati ya hizo mbili. Kadhalika, katika rejista ihifadhiyo hali ya prosesa, biti nne za juu husomeka moja daima katika 8086, bali katika 80286 iliyo bado katika hali yake ya kuanzia husomeka sifuri. Na 80486 ilijulikana kwa kukubali kubadilishwa biti ya 18, jambo ambalo 80386 haikubali. Utambuzi wa namna hii ulikuwa wa taabu, lakini ulikuwa na sifa moja: prosesa haikuulizwa maneno, ilitazamwa vitendo.

Mwaka 1993, pamoja na prosesa ya Pentium, Intel ilileta agizo liitwalo CPUID. Programu ilitoapo agizo hili, prosesa hujibu kwa herufi 12 za mtengenezaji wake: za Intel hujibu GenuineIntel, na za AMD hujibu AuthenticAMD, kisha hufuata namba za ukoo, modeli na toleo. Baadaye likaongezwa jina kamili la biashara, lenye nafasi 48. Yafaa kuangalia kwamba majina yote mawili yanadai uhalisi ndani ya jina lenyewe, sawasawa na neno orijino libandikwalo juu ya bidhaa dukani. Kiini cha Linux, mfumo wa uendeshaji ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hulipokea jibu hilo na kuliandika katika faili liitwalo /proc/cpuinfo, ambamo mtu yeyote aweza kulisoma.

Hata hivyo CPUID ni ushahidi wa prosesa juu ya nafsi yake tu. Bodi moja ilipoanza kuchukua prosesa mbili au zaidi, lilizuka swali jipya: mashine huwashwa na prosesa moja, nyingine husubiri kuamshwa, na ile iliyo macho haijui wenzake ni wangapi wala wako wapi. Anayejua ni aliyeiunda bodi na kuiandikia famuwea. Kwa sababu hii Intel ilitoa mwaka 1994 kanuni ya jedwali la prosesa, ambalo famuwea huliacha katika kumbukumbu ili kiini kilisome. Desemba 1996 kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba zikatoa kanuni pana zaidi, iitwayo ACPI. Moja katika majedwali yake, lenye alama ya herufi nne APIC, huorodhesha kila prosesa kwa namba yake, pamoja na biti ionyeshayo kama yafaa kutumiwa. Kiini hupita orodha hiyo na kuziamsha moja moja. Sambamba na hilo kuna majedwali ya SMBIOS, ambayo fungu lake la nne hueleza prosesa kwa maneno: jina la tundu lake, mtengenezaji, na kasi yake. Katika mashine za zamani kiini hulitafuta kwa kupekua kumbukumbu kutoka F0000 hadi FFFFF kwa hatua za baiti 16, mpaka kikute alama _SM_.

Jedwali la ACPI huwa na baiti ya uhakiki. Baiti zake zote zikijumlishwa, na jumla ikigawanywa kwa 256, haipasi kubaki kitu. Kikibaki, jedwali limeharibika. Hapa ndipo penye jambo ambalo watu wengi hulichanganya. Hesabu hiyo huthibitisha kwamba maandishi yamefika kama yalivyoandikwa. Haithibitishi kwamba mwandishi alisema kweli. Aliyeandika uongo huweza kuufanyia hesabu sahihi. Tena si uongo tu, hata uzembe upo: zimeuzwa bodi nyingi ambazo majedwali yake, mahali pa jina la mtengenezaji, bado yana maneno ya kiwandani ya kuagiza kwamba nafasi hiyo ijazwe baadaye.

Waandishi wa viini walijifunza jambo hili kwa kazi. Linux, kwa mfano, haichukui jina la prosesa katika SMBIOS. Hulichukua katika CPUID. Idadi ya prosesa huichukua katika ACPI, kwa kuwa prosesa yenyewe haiwezi kuitoa. Na ndani ya kiini zimewekwa orodha za bodi ambazo majedwali yake yajulikana kuwa na makosa, pamoja na dawa ya kila kosa. Programu ya dmidecode, itumiwayo kusoma SMBIOS, huonya katika maelezo yake kwamba habari za majedwali hayo mara nyingi si za kuaminika. Kwa ufupi, kila shahidi huaminiwa katika lile ambalo yeye ndiye ajuaye. CPUID nayo ina mipaka yake: mashine ikiendeshwa ndani ya mashine nyingine, ile ya nje huweza kulidaka swali na kulijibu itakavyo.

Simu zilileta hali tofauti. Prosesa zake nyingi ni za jamii ya ARM, na vifaa vilivyoizunguka prosesa havina desturi ya kujitaja vinapoulizwa. Habari zao ziliandikwa zamani ndani ya kiini chenyewe, bodi kwa bodi, hata Torvalds akalalamika hadharani mwaka 2011 juu ya wingi wa maandishi hayo. Ndipo waendelezaji wakaelekea kwenye mti wa vifaa, yaani jedwali la matawi linaloeleza mashine nzima. Kwa hiyo katika simu sehemu kubwa ya utambulisho ni neno la aliyeandika programu, na mwenye kuiandika upya aweza kufanya kioo kitaje kumbukumbu kubwa au prosesa bora kuliko iliyomo.

Katika Tanzania jambo hili liligusa mifuko ya watu mwaka 2016. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 iliagiza kuwe na rajisi ya vifaa, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ikawataka wenye simu wabonyeze *#06#, wasome namba tambulishi ya tarakimu 15, na kuituma kwenda 15090. Tarakimu nane za kwanza hutaja aina ya simu, sita hutaja simu yenyewe, na ya mwisho ni ya uhakiki. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu zilizoonekana kuwa bandia zilizimwa. Kenya ilikuwa imetangulia kufanya hivyo mwaka 2012. Hasara ilimwangukia zaidi aliyenunua kwa nia njema, kwa kuwa siku ya kununua simu ile ilipiga na kupokea kama nyingine.

Yapasa kuona tofauti iliyoletwa na rajisi. Tarakimu ya uhakiki peke yake haikuweza kumfichua mwongo, kama baiti ya majedwali isivyoweza. Kilichofichua ni shahidi wa pili, aliyekaa mbali na simu na asiyeandikwa na muuzaji wake. Na shahidi huyo pia ana upungufu: simu bandia iliyonakiliwa namba ya simu halali hupita mbele yake kama halali.

Utambulisho una gharama nyingine pia. Mwaka 1999 Intel iliitia Pentium III namba ya pekee iliyoweza kusomwa na programu. Watu wengi wakapinga kwa kuogopa kufuatiliwa, viini vya Linux vikaifunga namba hiyo tangu mashine iwashwapo, na Intel ikaiacha katika prosesa zilizofuata. Namba imlindayo mnunuzi na bandia ndiyo hiyo hiyo iwezayo kutumiwa kumfuata aendako.

Kwa mnunuzi wa Mtaa wa Aggrey au Msimbazi, historia hii yaleta desturi iliyo nyepesi. Asome karatasi ya nje, asome jedwali la SMBIOS, asome jibu la CPUID, kisha aipe mashine kazi nzito na kupima muda. Manne hayo yakipatana, ana sababu ya kulipa. Yakipingana, avishike vitendo kabla ya maneno, na amwulize muuzaji habari ya tofauti hiyo pesa zingali mkononi mwake.